Mwenye Kuita Kikao

Katika kijitabu hiki wenzetu wameandika juu ya ngoma, mahari na matanga. Sisi tuliombwa tuandike juu ya uongozi, na wengine wakashangaa: siasa inaingia wapi katika mila? Inaingia. Kila mara kura inapokaribia, watu wa Bambu wanaulizana, kwenye mandro ama kwenye mlango wa kanisa: huyu Raisi tumutafute na alama gani? Wazee wetu walikuwa na jibu, hata kama hawakujua karatasi ya kura wala mashini ya CENI.

Kwanza tuondoe zile alama zisizo alama. Katiba ya 2006 inataka Raisi awe Mukongomani wa asili na awe na miaka 30 ama zaidi. Huo ni mulango tu. Tarehe 30/7/2006 watu 33 walipita katika mulango huo, na karatasi ikajaa sura mpaka muzee asiyejua kusoma alichoka kutafuta mutu wake. Tisheti, kitenge, chumvi, sabuni, kaikpo ya bure, hayo pia tunayajua, na tunayakula. Mutu akikupa, pokea. Lakini hajakuonyesha bado kama anaweza kuongoza.

Luga ndiyo ilitudanganya zaidi. Mwaka 2006, kwa duru ya pili, inchi ilijikata vipande viwili: upande wa Kiswahili kwa Joseph Kabila, upande wa Lingala kwa Jean-Pierre Bemba. Watu wa Ituri walikuwa na sababu nyingine pia, kwani Mambasa haikusahau askari wa Bemba wa mwisho wa 2002. Lakini wengi tuliwasikia wakisema tu: "Uyu anasemaka luga yetu." Basi. Kama luga ingetosha, sisi wa Djugu tusingeuana, maana wakati wa vita Wahema na Walendu tulielewana vizuri sana, hata wakati wa kutukanana.

Sasa tuje kwenye mila. Huku kwetu, ng'ombe wakila muhogo wa mutu, ama watu wawili wakigombania shamba ama shimo la dhahabu, lazima mutu mumoja aite kikao. Si kila mutu anaweza kuita. Anaita yule ambaye pande zote mbili zitakubali kuja kwake, kwa sababu mwenye kuita anajibu juu ya roho za walioitwa, tangu watoke kwao mpaka warudi kwao. Mishale inabaki inje. Mugeni akisema maneno mabaya, anasikilizwa mpaka mwisho, kisha anasindikizwa. Hata kama ni adui. Zaidi sana kama ni adui, kwa sababu rafiki hahitaji kulindwa kwako.

Wazee walimupima kiongozi kwa kitu hicho. Hawakuuliza watu wa ukoo wake, ambao watamusifu tu. Walituma mutu aende kuuliza ngambo ya mutoni: huyu akikuita, utaenda? Utamuchukua mutoto wako pamoja nawe?

Hapa inatubidi kusema jambo zito. Mwezi wa pili 2003, wakati askari wa UPC walikuwa wakipiga Lipri, Kobu na Bambu yetu, watu waliitwa Sangi kwa kikao cha amani. Walioenda walishikwa, na wengi wakauawa Kobu. Maiti 49 kwa uchache zilikutwa katika shamba la ndizi. Operesheni ile iliitwa "Shika na mukono". Mahakama ya CPI kule La Haye ilieleza mambo haya katika hukumu ya Bosco Ntaganda ya tarehe 8/7/2019, na mwaka ule ule akapewa kifungo cha miaka 30.

Tusiseme Sangi peke yake, tutakuwa waongo. Siku moja mbele ya ile ya Sangi, tarehe 24/2/2003, wapiganaji Walendu na Wangiti walichinja watu Bogoro, na kwa ajili ya hiyo Germain Katanga alihukumiwa mwaka 2014. Na juu ya kikao chenyewe: tarehe 16/2/2022 wajumbe waliotumwa na Raisi Tshisekedi, kati yao Thomas Lubanga, walikuja Djugu kuongea na CODECO. CODECO wakawashika mateka kwa majuma mengi. Wapiganaji wa CODECO ni vijana waliozaliwa katika vijiji vyetu. Muzee mumoja aliposikia aliuliza tu, "Sasa nani atakuja tena?" Hatukuwa na jibu.

Mutu aliyechomewa nyumba anaweza kujenga tena. Lakini watu wakiogopa kuitwa, amani itaanzia wapi? Kwa hiyo tunasema alama ya kwanza ya Raisi ni hii: akiita, waliomupinga wanakuja na wanarudi salama, na akitia sahihi, anafanya. Tarehe 31/12/2016, mbele ya maaskofu wa CENCO, serkali na wapinzani walikubaliana kura ifanyike mbele ya mwisho wa 2017. Ilifanyika tarehe 30/12/2018. Mwezi wa tano 2021 hali ya kuzingirwa ilitangazwa huku Ituri kwa siku 30, kisha ikaongezwa, siku 15, siku 15, zaidi ya miaka mine. Tunajua kazi ya Raisi ni nguvu na vita haingojei kalenda. Lakini mutu asiyehesabu siku alizotaja mwenyewe, wazee wasingemupa hata kesi ya mbuzi.

Wengine watasema: kitu kikubwa ni barabara, hospitali, bei ya dhahabu. Ni kweli. Ila tazama wachimbaji wanavyochagua PDG wa kufuata. Hawamufuati mwenye kuahidi tu. Wanamufuata anayepima dhahabu mbele ya macho ya wote, na ambaye hata wale waliotoka katika shimo lake kwa ugomvi wanakubali kwamba aliwalipa.

Wagombea wenyewe hawafiki Bambu. Wanashuka kwa ndege Bunia, wanasema, wanaruka. Huku kwetu wanatuma watu wao na tisheti. Basi hao waliotumwa tuwape kiti, tuwape maji, na tuwaombe watutajie jina la adui mumoja wa mukubwa wao ambaye aliitwa kwake, akaenda, na akarudi nyumbani. Wakilitaja, tutatafuta huyo mutu tumuulize.