Mnara Ulioikimbia Bahari

Mwaka 1990 posta ya Marekani ilitoa stempu tano za senti 25, kila moja na mnara wake wa taa ya kuongozea meli. Unaovutia kuliko yote, kwa macho yangu, ni wa Cape Hatteras katika jimbo la North Carolina: mrefu, mwembamba, mistari myeusi na myeupe imejizungusha kutoka chini hadi juu. Haikuwa mara yake ya kwanza, kwani mwaka 1972 ulishatokea kwenye stempu za senti 2. Kweli ni supastaa!

Sasa chukua stempu hiyo, wewe na laazizi wako, muende nayo hadi pale mnara ulipojengwa mwaka 1870. Mtakuta mchanga, mawimbi na upepo. Mnara haupo.

Ulihama.

Pwani ile huitwa Makaburi ya Atlantiki, na jina halijaja bure. Mkondo wa maji moto na ule wa maji baridi hukutana hapo, na chini kuna mafungu ya mchanga yanayosogea kila mara. Meli nyingi zimemalizikia hapo. Ndiyo maana wakajenga mnara wa matofali wa takriban mita 60, karibu mita 450 kutoka majini. Walidhani wameacha nafasi ya kutosha. Miaka 100 baadaye bahari ilikuwa imebakiza kama mita 37 tu.

Ukazuka ubishi mkali. Wapo wenyeji waliohofia kwamba matofali yangeporomoka njiani. Wengine walitaka bahari izuiwe, mnara ubaki palepale walipouzoea tangu utotoni. Hata hivyo, mwaka 1999 mafundi waliukata kwenye msingi, wakauinua kwa jeki na kuusukuma taratibu juu ya reli za chuma. Tani zaidi ya 4,000! Safari ya mita 880 hivi ilichukua siku 23, Juni 17 hadi Julai 9, na taa ikawashwa tena Novemba mwaka huohuo.

Mimi niko upande wa waliouhamisha. Nahodha aliye gizani anatafuta taa, hana habari na kiwanja. Lakini siwacheki waliopinga. Nyumba mliyoanzia maisha, hata iwe chumba kimoja cha kupanga, mkihama kuna kitu mnakiacha pale ambacho hakuna lori la kukibeba.

Kwa hiyo mkifika, msiishie kupiga picha chini ya mnara. Tembeeni kwa miguu hadi ufukweni ulikotoka, mgeuke muutazame kwa mbali. Hapo ndipo mtaelewa ukubwa wa kazi iliyofanyika.

Kufika kwake ni kwa gari, barabara namba 12, ukanda mwembamba wenye maji kulia na kushoto. Dhoruba ikipiga, mchanga na maji huifunika, hivyo sikilizeni utabiri wa hali ya hewa kabla ya kuondoka. Ndani ya mnara kuna ngazi 257, lakini ukarabati umewahi kuzifunga kwa muda mrefu. Ulizeni kwanza kama zimefunguliwa. Zikiwa wazi, vaeni raba. Na dada, acha viatu vya kisigino hotelini, pale juu si mahali pa kuringia.