Ghuba ya Takaungu na Njia ya Kuifikia

Wengi wetu tuliozaliwa bara, tukijaliwa kufika Pwani, safari yetu huishia Mombasa. Tutazitazama zile pembe kubwa za Barabara ya Moi, tutaingia Ngome ya Yesu, tutavuka kivuko cha Likoni na kurudi, kisha tutanunua halua na mabuyu ya kuwapelekea watoto. Na tukifika nyumbani tutasema kwamba bahari tumeiona. Walakini bahari ya mjini ni kama ng'ombe wa maonyesho: amesuguliwa, amefungwa kamba, na kila apitaye humsifu, lakini tabia yake ya zizini hakuna aijuaye. Mwenye kutaka kuijua bahari hana budi kuifuata pale inapokaa peke yake. Mahali pamoja pa namna hiyo ni ghuba ndogo iliyo karibu na mji wa kale wa Takaungu, katika Kaunti ya Kilifi, yapata kilomita 50 kaskazini ya Mombasa.

Safari yetu haikupangwa. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, nasi watu wanne tulikuwa tumeketi mkahawani tukila mahamri na mbaazi: mimi, ambaye ni karani wa serikali, rafiki yangu mwalimu, mwuguzi mmoja mzaliwa wa Kilifi, na shemeji yake mwalimu, mkulima wa kahawa kutoka Murang'a, aliyekuja kututembelea. Mkulima huyu alikuwa amekaa Mombasa siku tatu. Akauliza kwa upole, "Ndugu zangu, je, hapana mahali ambapo mtu aweza kuitazama bahari hii bila ya kuuziwa kitu?" Tulicheka sana. Mwuguzi akaweka kikombe chini, akasema, "Basi twendeni Takaungu." Hatukuchukua ila maji ya kunywa, chapati chache na kofia zetu, na kabla ya saa tatu tulikuwa ndani ya matatu.

Njia yenyewe ina mafunzo yake. Tulivuka Daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980 mahali pa lile daraja la kuelea la mwaka 1931, ambalo wazee bado wanalitaja. Tukapita Bamburi, ambako saruji imekuwa ikitengenezwa tangu mwaka 1954 kwa mawe ya matumbawe yanayochimbwa papo hapo. Mkulima alistaajabu kusikia kwamba mwamba wote ule wa Pwani, tunaojengea nyumba na kuchomea chokaa, ulijengwa na viumbe wadogo wa baharini. Zamani sana, yapata miaka 125,000 iliyopita, maji ya bahari yalikuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa, na matumbawe yakaota chini yake. Baadaye maji yaliposhuka, matumbawe yale yakabaki nchi kavu, yakafa, yakawa jiwe. Tukavuka Mtwapa, tukapita mashamba ya mkonge ya Vipingo yaliyonyoshwa mistari kama daftari, kisha tukashuka kwenye njia panda na kupanda pikipiki hadi mjini.

Takaungu ni mji mdogo wenye jina kubwa. Mwaka 1837 Seyyid Said wa Oman na Unguja alipowaondoa Wamazrui katika utawala wa Mombasa, waliobaki walitawanyika. Baadhi yao walikwenda kusini wakakaa Gazi, na wengine walikuja kaskazini wakakaa hapa, kando ya mlango wa hori. Walilima nafaka katika mashamba makubwa, na mikono iliyolima ilikuwa mikono ya watumwa. Jambo hilo halifai kufichwa, maana utumwa katika pwani ya Kenya haukufutwa kisheria mpaka mwaka 1907. Mwaka 1895 alipofariki liwali Salim bin Khamis, Kampuni ya Waingereza ilimtambua Rashid bin Salim kuwa mrithi na kumkataa jamaa yake mwingine aliyedai urithi huo. Kutokana na ugomvi huo vilizuka vita vilivyosumbua pwani yote hadi mwaka 1896, Mbaruk bin Rashid wa Gazi alipovuka mpaka akakimbilia kwa Wajerumani. Siku hizi mji umetulia. Kuna misikiti, nyumba za mawe na za udongo, watoto wanaotoka chuoni, na harufu ya samaki wanaokaangwa. Hapa jirani ndipo Mwingereza Denys Finch Hatton, aliyekufa mwaka 1931 ndege yake ilipoanguka Voi, alipokuwa na nyumba yake ya pwani.

Tulimkuta mzee mmoja mvuvi akishona nyavu chini ya mkanju. Mwuguzi akamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akajibu, "Marahaba, wanangu. Mwatoka wapi na mwaenda wapi?" Tulipomwambia twaenda ghubani, hakututazama nyuso, aliinua macho akatazama juu, kana kwamba mwezi ulikuwako mchana ule. "Leo mwezi ni wa kumi na sita," akasema. "Haya, nendeni sasa, mtafurahi. Lakini adhana ya alasiri isiwakute chini."

Kutoka mjini tulipita vichakani kwa njia ya miguu isiyozidi upana wa mtu mmoja, kati ya minazi, mibuyu na mashamba ya muhogo. Ghafula ardhi ikakatika. Chini yetu palikuwa na ghuba, imezungukwa na majabali pande tatu, na sakafu yake ni mchanga mweupe ambao siku hiyo haukuwa na alama hata moja ya mguu. Mwamba wa kando umeliwa na mawimbi kwa chini, hata juu yake hutokeza kama upenu wa nyumba. Njia ya kushukia ni ufa katika jabali, nao una vidato vilivyosuguliwa na nyayo za watu wa miaka mingi. Mkulima aliteremka akiwa ameshika viatu mkononi, akasimama mpaka maji yakamfikia vifundoni, akachota kidogo kwa kiganja na kuonja. Kisha akasema neno moja tu: "Kweli."

Tulifika maji yakiwa yamekupwa kabisa, na hiyo ndiyo saa njema ya ghuba hii. Mwamba uliokuwa umefunikwa usiku ulikuwa wazi, umejaa vidimbwi, na kila kidimbwi kilikuwa kama duka dogo lenye bidhaa zake. Tuliona kiti cha pweza cha rangi nyekundu, jongoo bahari aliyelala kama soksi iliyoangushwa, kaa waliokimbia upande, na wale wanyama wa miiba myeusi ambao mtu akiwakanyaga hawasahau. Mama mmoja wa makamo, pamoja na mwanawe wa kiume, walikuwa wakitafuta pweza kwa fimbo zenye ncha. Alitufundisha kumtambua pweza kwa uchafu wa mlangoni pake: maganda ya chaza na kaa yakirundikana mbele ya tundu, mwenye nyumba yumo. Alimvuta mmoja mbele yetu, akampiga juu ya mwamba mara nyingi ili nyama yake ilainike. Kwa hao wawili ile haikuwa matembezi. Ilikuwa mboga ya jioni, na kilo moja au mbili za kuuza ili apate ada ya shule.

Hapa nataka kueleza habari ya maji, kwa sababu wengi wa bara hatuijui. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa siku moja na kama dakika 50. Kwa hiyo toka maji yakijaa mpaka yakipwa ni saa sita na dakika chache, na kila siku saa zake husogea mbele. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, jua na mwezi huvuta pamoja, na maji hupanda sana na kushuka sana. Wavuvi huita hayo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, maji husogea kidogo tu, nayo huitwa maji mafu. Katika pwani hii ya Mombasa na Kilifi, wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3, yaani ni urefu wa kuta za nyumba. Tena siku za bamvua maji hupwa mnamo saa nne au saa tano, asubuhi na usiku, na kujaa mnamo saa kumi au saa kumi na moja, alasiri na alfajiri. Ndiyo sababu yule mzee aliutaja mwezi kabla ya kutaja saa. Mvuvi husoma mwezi kama mkulima asomavyo mawingu ya masika.

Yapata saa saba u nusu tulikuwa tumekula chapati zetu, na mwuguzi nami tulikuwa kivulini chini ya jabali. Mchanga mbele yetu ulikuwa mpana bado. Mwalimu na shemeji yake walikuwa wamezunguka ncha ya mwamba wa upande wa kaskazini kutazama pango. Yule mama akaja kwa haraka, kikapu kichwani. "Mwanangu, wenzenu wako wapi?" akamwuliza mwuguzi. "Msitazame mchanga. Tazameni kule kwenye ncha." Tukatazama. Maji hayakuja kwa mbele kama tulivyodhani; yalikuwa yameingia kwanza katika mfereji ulio chini ya ncha, na mahali walipopita wenzetu kwa viatu vikavu palikuwa pakichemka. Tuliita, na upepo ukatunyang'anya sauti.

Mwana wa yule mama, kijana wa miaka kama kumi na sita, alimpa mamake fimbo akaingia majini. Alizunguka ncha ile akishika mwamba kwa mkono mmoja. Muda ule ulikuwa mrefu kwetu. Hata waliporudi, maji yalimfikia mkulima kifuani, na kila wimbi lilipokuja kijana alimwambia, "Simama, mzee, shika jiwe, sasa tembea." Mkulima hajui kuogelea. Alitembea kama alivyoambiwa, hatua kwa hatua, na mwalimu nyuma yake amemshika ukosi wa shati. Viatu vya wote wawili vilikwenda na maji. Mbali na mikwaruzo ya miguuni, iliyosafishwa na mwuguzi, hawakudhurika.

Tulipanda ule ufa sote saba kasoro mmoja, tukaketi juu ya jabali. Ilipofika saa tisa hapakuwa na mchanga tena. Palipokuwa na ghuba sasa palikuwa na maji ya kijani yakipiga ukuta kwa kishindo. Mkulima alitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kwetu shamba la mtu halipotei kati ya chakula cha mchana na alasiri." Tulimshukuru yule kijana, na tulitaka kumpa kitu, mamake akakataa, akasema mtu hauzi maisha ya mgeni. Mkulima akanunua pweza wote wawili waliokuwa kikapuni, kwa bei aliyoitaja mama bila kupunguziwa.

Ndipo tulipomwuliza, "Mama, na njia hii ikifungwa?" Akatuonyesha kwa mkono. Alisema kwamba alipokuwa msichana kulikuwa na njia tatu za kupandia, na mbili kati yake sasa zimo ndani ya viwanja vilivyozungushiwa ukuta. Waliojenga hawakumtukana mtu wala kumpiga, walijenga tu. Imebaki hii moja, nayo inapita katika kiwanja ambacho tayari kimewekwa mawe ya mpaka. "Maji yakigeuka," akasema, "sisi hatuna mlango mwingine."

Jambo hilo lafaa lifikiriwe na kila msomaji, hata wa Kericho au Machakos. Kwa mujibu wa kifungu cha 62 cha Katiba ya mwaka 2010, ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Ghuba ya namna hii, ambayo mchanga wake wote hufunikwa na maji ya bamvua, ni mali ya wananchi wote. Hapana awezaye kuuza hata kiganja kimoja cha mchanga ule. Lakini Katiba ikimpa mtu kisima, na jirani akajenga ukuta kukizunguka, mtu huyo atakufa na kiu akiwa mwenye mali. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 imeweka utaratibu wa kuanzisha njia ya umma juu ya ardhi ya mtu, pamoja na fidia kwa mwenye ardhi. Wakati wa kuomba njia ni kabla ya ukuta kusimama. Mimi kazi yangu ni barua na majalada, nami najua kwamba barua iliyoandikwa mapema, ikitiwa sahihi na wavuvi, akina mama wa pweza na wazee wa kijiji, ina nguvu kuliko kilio cha baadaye.

Kwa wale watakaopenda kuiona Takaungu, nasihi zangu ni chache. Nendeni katika miezi ya kaskazi, toka Desemba hadi Machi, bahari inapotulia kuliko wakati wa kusi. Kabla ya kuondoka, ulizeni mwezi ni wa ngapi. Vaeni viatu vya kukanyagia mwamba, chukueni maji ya kunywa, na msiwaache watoto wazunguke ncha peke yao. Mkifika mjini, amkieni wazee kwanza, maana watawaambia saa ya kushuka na saa ya kupanda, nao hawadai malipo. Mkiona takataka, pandeni nazo. Tena mkipita katika ile njia nyembamba, kumbukeni kwamba kuna watu ambao kwao si njia ya matembezi, bali ndiyo mlango wa jikoni.