Mbwa na Mashine Isiyo Yake

Mama akija kwangu Ijumaa, jambo la kwanza, hata kabla hajavua buibui, ni kuwageuza mbwa. Ninao watano, wamekaa juu ya kabati baina ya pleya ya santuri na amplifaya, na yeye huwageuza mmoja mmoja watazame ukuta. "Malaika watapita wapi humu?" huuliza, wala hangoji jibu. Akishaondoka nawarudisha walivyokuwa. Huu mwaka wa tatu tunafanya hivyo, na hakuna aliyemlaumu mwenziwe.

Wote watano ni mbwa mmoja: Nipper, yule mweupe mwenye masikio meusi aliyeinamisha kichwa mbele ya pembe ya gramafoni katika lebo ya His Master's Voice. Wangu ni bandia watupu. Wale wa asili waliokuwa wakikaa kwenye madirisha ya maduka ya santuri bei yao siiwezi, na hata ningeiweza, nisingethubutu kumwambia mke wangu. Mmoja wa kauri alinifikia shingo imekatika. Nilimgandisha kwa gundi, kichwa kikakaa kombo zaidi ya ilivyokusudiwa, basi anaonekana kama aliyesikia neno asiloliamini. Huyo ndiye nimpendaye.

Nilianza kuwatafuta kwa ajili ya pambo tu. Nilikuwa nimeshafufua Pioneer PL-12D ya miaka ya 1970, nimeibadilishia mkanda na sindano, nimepata na deki ya kaseti, na nikaona kabati bado lina pengo. Kila aliyeingia aliisifu mitambo. Nami, sina budi kukiri, nilikuwa naipangusa vumbi mara nyingi kuliko ninavyoiwasha.

Unguja hatuna ugeni na mbwa huyu. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, alivuka bahari na wenzake hadi Bombay kurekodi kwa kampuni hiyohiyo, na sauti yake ikarudi nyumbani katika sahani zake. Niliwahi kumpa mama hoja hii nikidhani nimemweza. Akanitazama. "Siti aliimba," akasema. "Siti hakupanga mbwa kabatini."

Mbwa mwenyewe alikuwepo kweli. Alizaliwa Bristol, Uingereza, mwaka 1884, akaitwa Nipper kwa sababu ya kuwang'ata wageni miguuni. Bwana wake, Mark Barraud, alifariki 1887, na mbwa akaangukia mikononi mwa ndugu yake, Francis, aliyekuwa mchoraji. Francis alimchora miaka michache baada ya mbwa naye kufa mwaka 1895. Kwa hiyo ile shingo iliyoinama ilichorwa kwa kumbukumbu.

Lakini katika picha ya kwanza hapakuwa na gramafoni. Nipper alikuwa akisikiliza fonografi, mashine ya silinda ya nta yenye pembe nyeusi. Mwaka 1899 Francis alikwenda kwenye kampuni ya gramafoni jijini London kuazima pembe ya shaba, apate kuing'arisha picha yake. Meneja, William Barry Owen, akamwambia angeinunua iwapo ataifuta ile mashine na kuchora yao mahali pake. Francis alipaka rangi juu ya rangi, akalipwa pauni 100 kwa picha na haki zake. Baadaye kampuni ilimpa kazi ya kuinakili, naye akachora nakala 24 kwa mkono wake. Nilipolijua hilo niliacha kuwaonea haya mbwa wangu bandia.

Lililonikaa rohoni ni jingine. Fonografi iliweza kurekodi nyumbani: mtu akisema ndani ya pembe, nta inachukua sauti yake. Gramafoni ya sahani haikuweza. Ilicheza tu kilichonunuliwa dukani. Basi katika picha ya kwanza mbwa angeweza kweli kumsikia bwana wake aliyekufa. Katika ile tunayoijua sote, anamsikiliza mwimbaji asiyemjua. Rangi iliyofanya picha ipendeze kwa mnunuzi ndiyo iliyomfuta bwana, na jina la picha, Sauti ya Bwana Wake, likabaki vilevile. Wanaoijua picha ile husema hata leo, mwanga ukiipata vizuri, fonografi huonekana chini ya rangi.

Nami nimepaka rangi ya namna hiyo. Mwaka 1986 baba alikuwa Maskati kikazi, na badala ya barua alituletea kaseti za salamu, kila anaposafiri mtu. Alikuwa mwangalifu: alivunja vile vijino viwili vya nyuma ili mtu asirekodi juu yake. Nilikuwa na miaka kumi na minne, sina kaseti tupu, na redioni kuna dansi. Nikatafuna kipande cha karatasi, nikaziba matundu, nikabonyeza. Kichwa cha kufutia hutangulia kile cha kurekodia, kwa hiyo hakuna kilichochanganyika. Baba alifutika kwanza, kisha ngoma ikaingia. Hakurudi tena hai. Kaseti ile mama aliitia pamoja na nyingine katika kopo la biskuti, na hakunambia kitu, hata siku moja.

Mwezi uliopita nilimwomba kopo lile nipate kuijaribu deki. Ijumaa, nikitengeneza chai, niliiacha kaseti ile inacheza. Ilikuwa ya dakika 60, nusu saa kila upande. Siku zote niliizima wimbo wa mwisho ukiisha, maana nilijua hakuna kitu mbele. Safari hii mikono ilikuwa na majani ya chai. Wimbo uliisha, kikasikika kishindo kidogo cha kitufe, halafu mtu akakohoa.

"...na yule mkubwa," alisema baba, taratibu, nyuma yake feni inavuma, "mwambieni redio yangu asiiguse."

Nilitoka jikoni. Mama alikuwa amesimama kabatini na buibui lake, yule mbwa wa shingo kombo yumo mkononi, bado hajamgeuza.

"Rudisha nyuma kidogo," akasema.