Asubui ya barafu kule Montréal

Kati yetu kuko familia zenye mtoto, ndugu ao shemeji anayeishi kule Kanada. Kwenye telefone wanatuambia habari ya baridi, nasi tunacheka: «Hata huku kwetu mwezi wa sita mashika inakamata watu!» Lakini baridi ya kule ni ingine kabisa.

Montréal ni mji mkubwa wa jimbo la Québec, uliojengwa juu ya kisanga katika mto Saint-Laurent. Theluji inayoanguka pale kwa mwaka mzima inafika karibu metre 2, na usiku fulani wa mwezi wa kwanza baridi inashuka kupita digrii 20 chini ya sifuri. Motokari nyingi zinalala inje, kandokando ya barabara. Asubui zinafanana na vichuguu vyeupe vilivyopangwa mstari. Hujui yako ni ipi na ya jirani ni ipi. Kisha unasikia sauti: krrr, krrr. Ni watu wanaokwangua vioo mbele ya kwenda kazini.

Kazi ile ina utaratibu wake, na inaanzia nyuma. Mbele ya kuwasha motere, unapashwa kuzunguka na kutosha theluji yote inayofunga bomba la moshi. Moshi ukikosa njia ya kutoka, unaweza kuingia ndani ya motokari pamoja na gazi inayoitwa monoksidi ya kaboni. Gazi ile haina rangi wala harufu, tena inaua. Mwezi wa kwanza 2016, katika mji wa Passaic, kule Marekani, mama mmoja kijana aliketi na watoto wake wawili ndani ya motokari yenye kuwaka, ili wapate joto. Baba alikuwa inje akiondoa theluji. Bomba lilikuwa limezibwa. Mama na mtoto wa mwaka mmoja walikufa. Dada yake wa miaka 3 akafa siku chache nyuma.

Bomba likiwa wazi, unawasha motere na kuelekeza hewa ya joto kwenye kioo cha mbele. Kisha unashika brashi yenye mkono mrefu: unaanza na paa, unashuka kwenye vioo vyote, halafu kifuniko cha motere na taa. Barafu iliyoshikamana na kioo inakwanguliwa na kibao cha plastiki, si kisu wala kijiko cha chuma, maana kioo kitachunika. Maji ya moto, hapana! Kioo chenye baridi kali kinaweza kupasuka, na maji yenyewe yanageuka tena barafu. Na ile mipira inayopangusa kioo, ikiganda usiivute kwa nguvu. Wengi wanaiinua tangu jioni.

Mwenye haraka anafungua katundu kadogo tu mbele ya macho yake, na kwenda. Sheria ya Québec inakataza, na ni haki. Mtoto anayevuka barabara kwenda masomo, dereva huyo atamuonea wapi? Na theluji iliyoachwa juu ya paa inaruka njiani na kuangukia kioo cha yule anayefuata. Basi nusu ya kazi hii unaifanya kwa ajili ya mtu usiyemjua. Zaburi ya 147 inahesabu theluji na baridi kati ya kazi za Mungu. Kupenda jirani katika baridi hiyo ni kazi yetu, na kule inaanza na brashi mkononi.

Wazazi, mukiongea na watoto wenu wa kule, muwaulize: «Munaangalia bomba mbele ya kuwasha?» Wasione haya kuchelewa dakika kumi.

Na sisi tunaobaki huku, gazi ile tunaijua, hata kama hatukujua jina lake. Inatoka pia katika mbabula ya makala ambayo tunaingiza chumbani usiku wa mashika, madirisha yakiwa yamefungwa. Makala ikiwa nyekundu, bila moshi hata kidogo, gazi iko tu. Basi, mama, baba, ninyi vijana, mbabula ilale inje. Ndani tujifunike blanketi mbili, tuombe, tulale, na asubui tuamke wote.