Chukudu huvunjikia mbele

Bunia – Mwaka 2009 mji wa Goma ulisimamisha sanamu ya chukudu kwenye mzunguko wa barabara, ikiwa na rangi ya dhahabu. Mgeni anayepita pale hutazama yule mtu na mzigo wake. Fundi wa chukudu hutazama kwingine. Macho yake huenda moja kwa moja kwenye uma wa mbele, pale gurudumu linapokutana na usukani, kwa maana anajua kwamba chombo hiki kikifa, mara nyingi kinaanza kufa hapo.

Bunia haina sanamu hiyo, lakini ina miteremko, mawe na matope, na ina watu wengi wasio na gari wala pikipiki ambao lazima wahamishe mizigo. Makala hii ni habari ya kijana mmoja wa Djugu anayeishi na mama yake na wadogo zake katika kambi ya waliohamishwa na vita ya Kigonze, na ya uma wa mbele uliomfundisha kazi. Jina lake halitajwi, kwa usalama wa familia.

Alipofika mjini alikuwa anabeba magunia kwa mgongo. Baadaye akawa anakodi chukudu ya mtu, na kila jioni sehemu kubwa ya pesa ilirudi kwa mwenye chombo. Ndipo akaamua kutengeneza ya kwake. Alimwendea seremala mmoja mzee aliyetoka Kivu ya Kaskazini, ambako chukudu ni kazi ya baba na mtoto. Mzee akakubali kumfundisha, kwa sharti la kumsaidia kupasua mbao.

Chombo chenyewe si siri. Ubao mrefu wa kubebea mzigo ni wa mkaratusi. Magurudumu ni ya mti mgumu, na huko Goma mafundi wanaupenda mumba. Gurudumu huvalishwa mpira uliokatwa kwenye matairi ya gari, na ndani yake wengi huweka beringi zilizotolewa kwenye magari mabovu. Fundi mzoefu anamaliza kazi kwa siku moja hadi tatu. Mwaka 2008 chukudu huko Goma iliuzwa kati ya dola 50 na 100, na ikitunzwa ilidumu miaka miwili au mitatu. Kubwa kabisa zinaweza kubeba hadi kilo 800.

Kijana alikuwa na haraka ya kuanza kazi. Mzee alimwambia, “Mutoto, ngojea kwanza tutafute springi za mbele.” Akajibu, “Papa, watoto wanalala njaa. Nitaziweka nikipata pesa.” Uma ukafungwa moja kwa moja kwenye ubao kwa bolti moja nene, mti juu ya mti, bila kitu cha kulainisha pigo.

Kwa wiki chache mambo yalikwenda vizuri. Kisha ikaja asubuhi moja baada ya mvua. Alikuwa amebeba magunia matatu ya maharage ya mama mmoja wa sokoni, akishuka kuelekea mto Nyamukau. Gurudumu la mbele likagonga jiwe lililofichwa na maji. Chukudu yenye mzigo haisimami kwa sababu gurudumu limesimama. Uzito wote wa nyuma ulikuja mbele, bolti ikapasua mti wa uma, na kijana akaruka juu ya usukani. Alichubuka mikono tu. Lakini gunia moja lilipasuka na maharage yakaenda na maji.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Siku ile hakuna aliyeuona mwepesi. Yule mama naye alikuwa amekimbia vita, na maharage yale aliyachukua kwa mkopo. Hakupiga kelele. Alisema tu, “Mwanangu, mimi nitamwambia nini mwenye mali?” Wakapatana kwamba kijana atalipa kidogo kidogo, na kwamba atambebea mizigo bure mpaka deni liishe.

Safari hii mzee hakuuliza. Walianza na mbele.

Walitafuta springi, ambazo wengi hapa huziita resori, mbili za nyuma za pikipiki moja iliyokufa. Mzee alikataa kuchanganya springi za pikipiki mbili tofauti, hata kama zinafanana kwa macho. Moja ikiwa laini kuliko mwenzake, uma unalala upande mmoja, na usukani unamvuta mtu kwenye mtaro siku nzima.

Kisha walitenganisha uma na ubao. Springi zikakaa katikati, moja kila upande, kila moja ikipitiwa na chuma cha kuiongoza ili isiruke nje inapokandamizwa. Juu na chini wakaweka vipande vya mpira wa tairi, chuma kisitafune mti. Wakafunga pia mnyororo mfupi kati ya ubao na uma. Kazi yake ni ndogo lakini kubwa: gurudumu likianguka shimoni, springi hutanuka, na bila mnyororo uma unaweza kuchomoka.

Kabla ya kupokea mzigo wa mtu, walipakia magunia ya mchanga na kupima kwa kijiti. Springi ilitakiwa kushuka hadi karibu nusu ya nafasi yake. Ikishuka yote, haina tena pa kwenda, na jiwe la kwanza litapiga mti kama zamani. Isiposhuka kabisa, ni ngumu mno, na ni sawa na kutokuwa nayo. Mzigo nao una mahali pake. Ukiwekwa mbele sana, springi zinakufa mapema. Ukirundikwa nyuma kabisa, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani hausikii mkono.

Springi haiondoi breki. Kwenye mteremko kijana bado anakanyaga kipande cha mpira kilichofungwa juu ya gurudumu la nyuma, na magunia yakizidi anamwomba mwenzake avute kamba kwa nyuma. Springi haifanyi chombo kibebe zaidi ya mti wake. Wapo wanaoweka springi kisha wakaongeza gunia, na hao ndio wanaorudi kwa seremala wamebeba usukani mkononi.

Kwa familia nyingi za kambini, chukudu ya kukodi ndiyo iliyoleta godoro, sufuria na gunia la unga. Anayempa mtu mzigo wake wote ana haki ya kuinama na kutazama uma wa mbele kabla ya kupakia: bolti isiwe imelegea, mti usiwe na ufa, springi zote mbili ziwe na urefu mmoja. Mwenye chombo hapaswi kuona hilo ni dharau. Yule kijana sasa huwaonyesha wateja mwenyewe, bila kuulizwa.

Deni la maharage lilimalizika. Siku ya malipo ya mwisho kijana alimwambia yule mama kwamba kuanzia sasa hana tena lazima ya kumbebea. Mama akamjibu, “Kesho nina magunia mawili. Sasa nitakulipa.”