Kuuona Mwezi kwa Macho

Lugha yetu ina neno moja kwa mambo mawili: mwezi ulioko mbinguni na mwezi tunaolipia kodi ya nyumba. Wazee wa pwani waliotuachia neno hilo hawakuyatenganisha mambo hayo. Kwao, mwezi ukiandama ndipo mosi ilipoanza, na usipoonekana watu walingoja. Siku hizi mosi huletwa na kalenda ya ukutani, nayo haimngoji mtu. Sina ugomvi na kalenda. Mtu aliyekuwa mkufunzi wa chuo cha ualimu na kisha mkuu wa shule hawezi kuishi bila ratiba. Lakini liko jambo ambalo kalenda haiwezi kulifanya kwa niaba yetu, na aliyenifundisha ni jirani yangu, mama mmoja wa Kigujarati wa dini ya Kihindu.

Ndugu msomaji, hapa Tanga sote tumekua tukisikia methali ya Baniani mbaya na kiatu chake. Tunaitamka kwa wepesi, na sidhani kama imepata kumsaidia yeyote kumjua Baniani. Mimi nilimjua huyu kwa sababu nyua zetu zilipakana. Wajukuu zake walimwita Ba, yaani mama kwa Kigujarati, nami nikamwita hivyo hivyo. Yeye aliniita Mwalimu.

Kila mwezi, baada ya siku ya kiza ambayo Wahindu huiita amavasya, Ba alifunga. Jioni jua lilipotua alitoka uani, amejifunika kichwa kwa upindo wa sari, mkononi ana chombo kidogo cha maji, akautafuta mwezi mchanga. Akishauona aliunganisha viganja, akanong'ona maneno yake, akayamwaga maji taratibu, kisha akala. Kesho yake mchele na sukari vilitolewa mlangoni kwa mwenye kuhitaji, maana vitu vyeupe ndivyo vinavyounasibishwa na mwezi. Ibada hii huitwa Chandra Darshana. Chandra ni mwezi. Darshana ni kuona, lakini si kuona kwa kupita njia. Mhindu aendaye hekaluni husema anakwenda kupata darshana: yeye amwone mungu wake, na mungu wake amwone yeye. Ni kuonana.

Kama mwalimu nilitaka kwanza kujua hesabu yake, nayo ni nzuri sana. Kila siku mwezi huliacha jua nyuma kwa digrii 12 hivi. Wahindu wameigawa safari hiyo katika hatua za digrii 12 kila moja, wakaziita tithi. Tithi ziko 30 kwa mwezi mmoja, 15 za nuru na 15 za kiza. Katika tithi ya kwanza mwezi bado umeshikamana na jua; ukiwa chini ya digrii 7 hivi hata mwenye macho ya mwewe hawezi kuuona. Kwa hiyo mara nyingi huonekana jioni ya tithi ya pili, ambayo Wagujarati huiita biji. Huko Gujarat mwezi wa kalenda huanza baada ya amavasya, wakati sehemu kubwa ya India ya kaskazini huuhesabu kuanzia baada ya mwezi mpevu.

Kisa chake nilisimuliwa na Ba mwenyewe. Chandra aliwaoa mabinti 27 wa Daksha, nao ndio vituo 27 vya nyota ambavyo mwezi huvipitia. Akampendelea mmoja tu, Rohini. Baba mkwe akakasirika, akamlaani akonde mpaka aishe. Shiva akamhurumia, lakini laana haikufutika yote: Chandra akonde nusu ya mwezi, anenepe nusu. Ndiyo maana Shiva huchorwa na hilali kichwani. Na ndiyo maana kuna hekalu la Somnath, Bwana wa Mwezi, katika pwani ya Gujarat, hekalu lililoporwa na jeshi la Mahmud wa Ghazni yapata mwaka 1026, ambalo jengo lake la sasa liliwekwa wakfu mwaka 1951.

Nikiwa chuoni niliwahi kuwapa wanachuo zoezi la kuchora mwezi wa siku ya pili. Wengi waliuchora juu utosini, usiku wa manane, na nyota imekaa katikati ya pembe zake. Vijana hawa walikuwa wamefaulu jiografia. Mwezi mchanga hauko utosini. Uko magharibi, chini, na huzama muda mfupi baada ya jua. Na hapo katikati ya pembe hapawezi kukaa nyota, kwa kuwa ni mwili wa mwezi wenyewe uliomo kizani. Hapa Tanga mtu anayeutafuta huipa bahari mgongo, akatazama bara, upande wa milima ya Usambara. Ba hakusoma zaidi ya madarasa machache, lakini zoezi hilo angelipata lote.

Miaka ikapita, macho yake yakaanza kufifia. Jioni moja akaniita kwenye ua.

"Mwalimu, uko?"

"Niko, Ba."

"Nitazamie."

Nikatazama, nikamwambia uko juu kidogo ya mwembe, umelala kama dau. Akaelekea huko, akaunganisha viganja. Tangu siku hiyo nikawa macho yake. Nilimwuliza mara moja kwa nini asiitegemee kalenda yao ya Kigujarati iliyotundikwa jikoni, yenye kila tithi na saa yake. Akanijibu, "Kalenda inajua, Mwalimu. Mimi namtaka anayeona."

Halafu ukaja mwaka mmoja wa masika makali. Wakati huo Ba alikuwa na kisukari, anadungwa sindano, na daktari alikuwa amewaonya watu wa nyumbani kwamba asikae na njaa. Walimsihi aache kufunga, akakataa. Jioni hiyo wingu lilitanda bara nzima. Mke wa mjukuu wake alinifuata barabarani, akaninong'oneza, "Mwalimu, mwambie tu umeuona. Ale, adungwe sindano yake." Sikumlaumu hata kidogo. Alikuwa anampigania mgonjwa wake, na mtu mwingine angeona kwamba uwongo mdogo namna hiyo ni sadaka.

Nilisimama pale nikitazama lile wingu. Ba alikuwa amenikabidhi kitu kimoja tu, nacho ni kumwambia nilichokiona. Nikirudi na nisichokiona, nimekichukua hata hicho. Nikaingia ndani.

"Ba, sijauona. Wingu limefunika magharibi yote."

Akanyamaza. Watu wote wa nyumba wakanitazama.

"Lakini kwa hesabu upo," nikasema. "Uko nyuma ya wingu, na sasa unakaribia kuzama."

"Upo?"

"Upo, Ba."

"Basi wenyewe umeniona. Mimi ndiye sikuuona." Akaomba maziwa na wali wa choroko, akala, akadungwa sindano. Nilipoaga alinishika mkono, akasema kwa sauti ya chini, "Ungeniambia umeuona, mwezi ujao ningekuuliza nini?" Nikajua alikuwa amesikia kila neno.

Nimelitafakari swali hilo mara nyingi. Mtaani kwetu Waislamu nao huutafuta mwezi ule ule upande ule ule, hasa Shaaban inapokwisha, na kwao pia habari ya mwezi ni habari ya shahidi. Njia zao huachana baadaye. Mwaka wa miezi 12 ya namna hii una siku kama 354, pungufu ya siku 11 hivi kwa mwaka wa jua. Waislamu huuacha upungufu huo, ndiyo maana Ramadhani huzunguka misimu yote kwa miaka kama 33. Wahindu huongeza mwezi wa ziada kila baada ya miezi 32 au 33, kama walivyofanya mwaka 2023, ndiyo maana Diwali haitoki Oktoba na Novemba. Hesabu ni mbili, lakini jioni ya kutazama ni moja, na pande zote mbili humwogopa mtu anayesema ameona na hali hakuona.

Wahindu wana hata siku wanayojizuia kuutazama mwezi. Ni siku ya nne ya nuru katika mwezi wa Bhadrapada, sikukuu ya Ganesha. Husimuliwa kwamba mwezi ulimcheka Ganesha akaulaani, na kwamba atakayeutazama siku hiyo atasingiziwa jambo asilolitenda, kama Krishna alivyosingiziwa wizi wa kito. Kwa hiyo mwezi ule ule unaotafutwa kwa hamu siku ya pili huogopwa siku ya nne. Kwa watu hawa kuona si mchezo. Kuna wajibu ndani yake.

Ba ametangulia mbele ya haki miaka kadhaa sasa. Mimi mwenyewe jicho langu la kushoto lina mtoto wa jicho, na mwezi wa siku ya pili naupata kwa shida. Jioni hizo huwaita watoto wa jirani, nikawageuza waipe bahari mgongo. Wakubwa hupiga kelele upesi kwamba wameuona, na nikiwaambia wanionyeshe, vidole huelekea pande tofauti. Yuko kitinda mimba mmoja, kitukuu wa Ba, ambaye hukaza macho kwa muda mrefu. "Babu, mimi bado," husema. Huwa namwambia asione haya, aendelee kutazama, nami nitamngoja.