Maneno Yasiyorudishwa

Mwaka 2015, kipindupindu kilipozuka Dar es Salaam, alikuja muuguzi mmoja katika madrasa yetu kuwazungumzia wazazi. Elimu alikuwa nayo. Lakini alizisoma karatasi zake mbiombio, macho chini, na maneno yake mengi yalikuwa ya vitabuni. Sisi tuliketi mbele kabisa, tukitikisa kichwa kana kwamba twafahamu. Alipokwisha akatugawia pakiti za dawa ya kuchanganya na maji, akaenda zake.

Siku ya tatu mjukuu wetu akaharisha. Nyumbani hapana aliyejua kipimo, nasi tuliohudhuria hatukukumbuka, tukaona haya kumwuliza jirani. Pakiti nzima ikatiwa katika chupa ndogo ya soda. Kumbe pakiti zile zataka lita 1 kamili ya maji safi. Maji yakipungua, chumvi humzidi mtoto ikamdhuru badala ya kumfaa. Tulipomfikisha zahanati alikuwa amelegea kabisa. Mwenyezi Mungu alimnusuru. Lawama tuligawana: yule hakuhakikisha, nasi hatukuuliza.

Kisa hiki tulimhadithia binti mmoja tuliyemsomesha zamani, ambaye sasa ni muuguzi, alipotujia jioni moja na karatasi 11.

"Maalim, kesho nitazungumza mbele ya wauguzi wenzangu na madaktari, juu ya kuwafundisha akina mama dawa hii. Naogopa."

Tukamwambia asome. Alipofika karatasi ya tatu, mama watoto, aliyekuwa akichagua mchele, akamkata: "Maji kiasi gani, mwanangu?" Jambo hilo lilikuwa katika karatasi ya tisa!

Tukamkumbusha alivyosoma kwetu utotoni. Je, tulipata kumpa aya tukamwacha aende nayo bila ya kuirudisha mbele yetu? Bukhari amepokea kutoka kwa Anas kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akilirudia neno mara tatu ili lifahamike; na Bibi Aisha ameeleza kuwa mwenye kutaka kuyahesabu maneno yake angeweza. Basi mbio hizi zetu ni za nini? (Waalimu wa madrasa nasi twakimbia, hasa Ramadhani ikikaribia, tusiwacheke wauguzi peke yao.)

Akaziweka karatasi. Akachukua chupa yetu ya lita, akasimama uani akatuonyesha, kisha akamtaka mama watoto afanye mwenyewe huku akieleza. Mama watoto akaonja, akakunja uso, akanyosha mkono kwenye kopo la sukari. Hapo binti akajua lipi la kutangulizwa kesho.

Usiku wa pili alirudi akicheka. Alimsimamisha muuguzi mmoja awe mama wa mtoto, na mwingine amfundishe. Yule mwalimu akaeleza kila kitu vizuri, ila akasahau kuuliza nyumbani kwa mama yule mna chombo gani cha kupimia. Wakabishana muda mrefu juu ya chombo hicho, madaktari nao wakaingia, hata karatasi zile hazikufunguliwa.

Chupa yetu aliisahau huko huko.